Je, Wajua? Kutoka Idodi Hadi Chini ya Bahari ya Mafia

Je, wajua kuwa maji yanayopita Idodi husafiri hadi mbele ya kisiwa cha Mafia? Vijito vyetu huingia Ruaha Mkuu. Ruaha Mkuu hupita Mtera, hushuka Kidatu, kisha huungana na Rufiji, na Rufiji humwaga kila kitu baharini kupitia delta yenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko mwingine wowote Afrika Mashariki. Ng'ambo ya delta hiyo ndiko iliko Mafia, ambako watu hutoka Ulaya na Marekani kuja kuzama na mitungi ya hewa mgongoni. Kamwene, msomaji wa Idodi, Tungamalenga na Mahuninga. Magari ya wageni wanaokwenda Hifadhi ya Ruaha hukupita kila siku na kukuachia vumbi. Safari hii mgeni ni wewe, na safu hii ni ya kukuandaa.

Je, wajua kuwa mtungi wa mzamiaji haujazwi oksijeni? Hujazwa hewa ya kawaida, ile ile tunayoivuta shambani: oksijeni kama asilimia 21, na inayobaki karibu yote ni naitrojeni. Hewa hiyo husafishwa, hukaushwa na kushindiliwa. Oksijeni tupu ingekuwa hatari, kwa sababu ukishapita mita 6 hivi inaweza kumtia mtu degedege akiwa ndani ya maji.

Mtungi wa lita 12 ulioshindiliwa hadi bar 200 una lita 2,400 za hewa. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa juu angekaa nao saa 2. Kwenye kina cha mita 10 hewa hiyo hiyo hutosha saa 1 tu, maana kila pumzi hubeba hewa mara mbili. Na mgeni wa mara ya kwanza, ambaye moyo unamwenda mbio, hutumia zaidi. Ndiyo maana kiongozi wako atakuuliza mara kwa mara mtungi umebaki na kiasi gani, na atakutoa majini kabla haujakauka.

Je, wajua kuwa regyuleta, chombo kinachokuwezesha kupumua chini ya maji, ina undugu na gari lililokosa petroli? Wakati wa Vita Kuu ya Pili Ufaransa ilikuwa na uhaba wa mafuta, na mhandisi Émile Gagnan alikuwa ametengeneza vali ya kuwezesha magari kutumia gesi badala ya petroli. Mwaka 1943 yeye na ofisa wa jeshi la majini, Jacques-Yves Cousteau, waliigeuza vali hiyo ikawa ya kumpa mzamiaji hewa kila anapovuta, kwa mgandamizo ule ule wa maji yanayomzunguka. Kila regyuleta unayoiona leo kwenye boti za Mafia au Nungwi imetokana na kazi ya wawili hao.

Je, wajua kanuni namba moja ya kuzama? Usizuie pumzi. Kamwe. Mtu aliyejifunza kuogelea mtoni amezoea kufunga kinywa na kujaza kifua kabla hajaingia majini, na hapo ndipo hatari ilipo. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza mgandamizo sawa na ule wa anga lote lililo juu yetu. Pumzi iliyojaza kifua chako kwenye mita 10 itataka nafasi mara mbili ukifika juu. Ukiwa unapumua, ziada hutoka yenyewe. Ukiwa umeifunga, inatafuta njia ya kupita, na njia yenyewe ni mapafu yako. Madaktari wa uzamiaji wanajua kuwa mapafu yaliyojaa huweza kuumia hata mtu akipanda mita moja na kidogo tu. Kwa hiyo vuta pole pole, toa pole pole, na usiache. Ukiogopa, pumua. Ukiona papa, pumua. Regyuleta ikikutoka mdomoni, toa viputo vidogo vidogo huku ukiitafuta. Hesabu ya jambo hili ina zaidi ya miaka 350, maana Robert Boyle aliichapisha kanuni yake ya gesi mwaka 1662, na hakuna mzamiaji aliyewahi kuikwepa.

Je, wajua kuwa mtu wa Iringa ameshaonja somo la pili bila kuambiwa? Masikio yanayoziba basi linaposhuka Kitonga yanalalamikia mgandamizo. Hewa ya bondeni ni nzito kuliko ya juu, na kiwambo cha sikio husukumwa ndani mpaka umeze mate au upige mwayo. Sasa linganisha. Safari nzima kutoka Iringa mjini, takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hadi Dar es Salaam hubadilisha mgandamizo kwa kiasi ambacho mzamiaji hukipata chini ya mita 2 za maji. Ulichokimaliza kwa siku nzima ndani ya basi, baharini unakimaliza kwa pumzi chache.

Ndiyo maana mwalimu atakufundisha kubana pua na kusukuma hewa taratibu bila kufungua mdomo. Njia hiyo inaitwa kwa jina la Antonio Maria Valsalva, daktari wa Bologna aliyefariki mwaka 1723. Ifanye mapema, kabla sikio halijauma, na uirudie kila unaposhuka kidogo. Likiuma, simama, panda kidogo, jaribu tena. Likigoma kabisa, mwoneshe kiongozi sikio lako na mrudi juu. Mwenye mafua asizame siku hiyo, hata kama ameshalipia.

Je, wajua kuwa dole gumba lililosimama halimaanishi "safi" chini ya maji? Maana yake ni "tupande juu". Mgeni anayefurahi na kuonyesha dole atapandishwa mara moja, na raha itakuwa imekwisha. Mambo yakiwa shwari, unganisha ncha ya kidole gumba na ya shahada zifanye duara. Kiganja kilicho wazi kikitikiswa huku na huku kinasema kuna tatizo, kisha unaonyesha tatizo liko wapi.

Je, wajua kuwa chini ya maji damu huonekana ya kijani? Rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kumezwa na maji. Mita chache tu na fulana nyekundu inakuwa kahawia ya kijivu, mpaka kiongozi awashe tochi na wekundu urudi ghafla.

Vitu navyo huonekana vikubwa kwa theluthi moja na karibu kwa robo kuliko vilivyo, kwa sababu mwanga hupinda unapotoka kwenye maji kuingia kwenye hewa ya miwani yako. Na sauti husafiri majini kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, kwa hiyo utasikia injini ya boti bila kujua iko upande gani.

Je, wajua nani anaruhusiwa? Kwa kanuni za PADI, chama cha wakufunzi kilichoanzishwa Marekani mwaka 1966, mtoto wa miaka 10 anaweza kuzama mara ya kwanza akiwa na mwalimu. Kina hakizidi mita 12. Mwalimu mmoja peke yake hachukui zaidi ya wageni 4 baharini. Anayetaka cheti kamili lazima aogelee mita 200 na kuelea dakika 10, naye hufika mita 18. Kwa jaribio la kwanza mtihani huo haupo, lakini mtu anayeogopa maji ya kumfika kifuani aanze na miwani na bomba la kupumulia ufukweni, siku mbili tatu, kabla ya kubeba mtungi.

Utapewa fomu ya afya. Ijaze kwa ukweli wote. Pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo, upasuaji wa karibuni, yote yaandikwe, na penye shaka daktari aamue. Mjamzito hazami. Wapo wanaoficha kwa kuogopa kurudishwa wakiwa wametoka mbali, na hili naliona ni kosa kubwa: mwalimu hawezi kukulinda dhidi ya ugonjwa asioujua. Nawe una haki ya kuuliza. Uliza cheti cha mwalimu. Uliza kama botini kuna oksijeni ya huduma ya kwanza, na redio au simu inayoshika mtandao. Uliza mtazama wangapi. Kituo kinachokasirikia maswali hayo, kiache.

Je, wajua kuwa kuna Waafrika Mashariki waliozama bila hiari yao? Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, watu waliotekwa kwenye mwambao na bara letu na kuuzwa Ghuba ya Uajemi walitumikishwa katika kutafuta lulu. Hawakuwa na mtungi. Mzamiaji alibana pua kwa kibanio cha pembe au cha gamba la kasa, akakanyaga jiwe lililofungwa kamba, akashuka mita 10, 15 au zaidi, akakusanya chaza kwenye kikapu mpaka pumzi ikaribie kwisha, kisha mwenzake wa juu akamvuta. Dakika chache za kupumzika, akashushwa tena. Hivyo siku nzima, msimu mzima wa joto. Masikio yaliharibika, macho yaliharibika, wengine hawakupanda. Biashara hiyo ilianguka pale lulu za kufugwa za Japani zilipojaa sokoni na uchumi wa dunia ulipoporomoka kuanzia 1929. Wajukuu wa watu hao wapo Oman, Bahrain, Kuwait na Emirati hadi leo. Jina la lulu linapotajwa, watu hao nao wastahili kutajwa.

Je, wajua kuwa vita vya kwanza vya dunia vimelala kwenye bandari ya Zanzibar? Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliikuta manowari ya Kiingereza, Pegasus, ikiwa inafanyiwa matengenezo bandarini, ikaizamisha. Mabaki yake yako mita 30 na zaidi, kina kisichomfaa mgeni. Königsberg ilikimbilia wapi? Kwenye delta ya Rufiji, ndani ya mikoko, kwenye maji yaliyotoka huku kwetu. Waingereza waliiteka Mafia Januari 1915 wapate kituo karibu na delta, na tarehe 11 Julai 1915 meli hiyo iliangamizwa mafichoni mwake.

Je, wajua kuwa matumbawe si mawe? Ni wanyama, wadogo mno, maelfu kwa maelfu, wanaojenga nyumba za chokaa na kuishi na miani ndani ya miili yao. Miani huwapa chakula na rangi. Bahari ikipata joto kupita kiasi, wanyama hao huifukuza miani, huwa weupe, na wakikaa hivyo muda mrefu hufa. Ilitokea mwaka 1998, na Mafia ilipoteza matumbawe mengi. Sehemu zimerudi, sehemu bado. Miamba ya matumbawe inafunika chini ya asilimia 1 ya sakafu ya bahari duniani, lakini karibu robo ya aina zote za viumbe wa baharini hutegemea makazi hayo. Teke moja la mgeni asiyeangalia miguu yake huvunja kilichokua kwa miaka. Kwa hiyo usisimame juu yake, usishike, usiokote. Ukiona huwezi kudhibiti kuelea kwako, mwoneshe kiongozi akurekebishie jaketi la hewa na mkanda wa risasi.

Je, wajua kuwa mchanga mweupe unaopigia picha ufukweni una mkono wa pono? Samaki huyo hutafuna matumbawe yaliyokufa kwa meno yake magumu ili ale miani, kisha chokaa iliyosagika humtoka kama mchanga. Pono mkubwa mmoja hutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Tega sikio ukiwa chini, utamsikia akitafuna.

Pweza ana mioyo mitatu. Yule samaki mdogo wa rangi ya chungwa anayeishi kwenye minyiri yenye sumu ya anemone huzaliwa dume, na jike wa familia akifa, dume mkubwa hugeuka jike. Chewa hutulia, kinywa wazi, samaki wadogo wakaingia kumsafisha meno, wasiliwe.

Je, wajua kuwa samaki mkubwa kuliko wote duniani huja karibu na Kilindoni, Mafia? Papa potwe hufikia mita 12 na zaidi, ingawa wengi wanaoonekana Mafia ni vijana wa kiume wasiofika hapo. Hana shida na mtu. Chakula chake ni viumbe wadogo wanaoelea, na hapo Mafia hasa vikamba vidogo sana. Huonekana juu kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi. Utafiti uliofanywa kwa kuwawekea vifaa vya sauti ulionyesha kuwa miezi mingine wengi wao hawaondoki mbali, huhamia tu kwenye maji ya kina zaidi. Kwa papa potwe huhitaji mtungi. Miwani, bomba na mapezi ya miguuni vinatosha, na utulivu: kaa pembeni, usimguse, usimkatishe njia.

Je, wajua kuwa Mafia ndiyo hifadhi ya kwanza ya bahari Tanzania? Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ilipitishwa mwaka 1994, na Mafia ikatangazwa mwaka 1995 ikiwa na kilomita za mraba 822, vijiji vikiwa ndani yake na wavuvi wakiendelea kuvua kwa masharti. Mtanzania hulipa kiingilio kidogo sana kuliko mgeni wa nje. Beba kitambulisho cha Taifa. Wazamiaji wengi wapya huanzia Ghuba ya Chole, ambako maji yametulia.

Je, wajua kuwa Nyanda za Juu nazo zina maji ya kuzamia? Matema, wilayani Kyela, iko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Livingstone. Ziwa hilo lina kina cha zaidi ya mita 700 na mamia ya aina za samaki wasiopatikana popote pengine. Wale wadogo wa rangi wanaokaa kwenye mawe, mbuna, hufugwa kwenye matangi ya vioo duniani kote kwa jina hilo hilo. Upande wa Malawi, Nkhata Bay na Cape Maclear, kuna shule za kuzama. Matema wengi huvaa miwani na bomba tu, na kwenye mawe hiyo inatosha kuona mengi. Uliza wenyeji kuhusu mamba kabla hujaingia, na ukirudi nyumbani upime kichocho.

Sasa jambo ambalo vitabu vingi vya wazamiaji havikumwandikia mtu wa Iringa wala Mbeya, nami naliona ndilo kubwa kuliko yote hapa. Je, wajua kuwa hutakiwi kupanda Kitonga siku uliyozama?

Unapokuwa chini, naitrojeni ya kwenye mtungi huyeyuka ndani ya damu na nyama za mwili. Ukipanda taratibu na kupumzika juu, hutoka kidogo kidogo kwa pumzi. Ukiharakisha kwenda mahali penye hewa nyepesi, hugeuka viputo mwilini: maumivu ya bega, kiwiko au goti, ganzi, kuwashwa, uchovu usioelezeka, na kwa wengine kupooza. Mfaransa Paul Bert aliieleza naitrojeni hiyo mwaka 1878, na mwaka 1908 John Scott Haldane wa Uingereza alitoa majedwali ya kwanza ya kupandia baada ya kuwajaribu mbuzi.

Wataalamu wa tiba ya uzamiaji hushauri kusubiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege ukizama mara moja, na angalau saa 18 ukizama mara kadhaa au siku mfululizo. Ushauri huo ni kwa ndege ambazo hewa ya ndani ni sawa na ya mahali pa mita 600 hadi 2,400. Iringa mjini ipo ndani ya kipimo hicho. Mbeya ipo. Mafinga ni juu zaidi ya Iringa. Mwili haujui kama umepandishwa na ndege au na basi. Mtu anayezama asubuhi kisiwani Mbudya, karibu na Dar es Salaam, kisha akapanda basi la jioni kurudi Iringa, anafanya kile kile anachokatazwa abiria wa ndege, na walimu wengi wa pwani hawatamwonya kwa sababu wageni wao hulala hotelini ufukweni. Waambie unakotoka. Anayetoka Matema ajue kuwa barabara ya Tukuyu hupita juu kuliko Mbeya mjini yenyewe, na kwamba ziwa lenyewe lipo karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo majedwali ya kuzamia ya huko si yale ya Mafia.

Panga hivi: siku ya mwisho ya likizo iwe ya kutembea. Ukiwa Mafia, katembee kwenye magofu ya Kua kisiwani Juani, lala, ndipo ushike boti ya Nyamisati. Kitu kikikuuma baada ya kuzama, hata kidogo, usikipe dawa ya maumivu na kunyamaza. Rudi kituoni, omba oksijeni, sema umezama saa ngapi na kina gani.

Na moja la mwisho. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, kwa sababu maji huchotwa sana huko juu, Usangu, kabla hayajafika kwetu. Nasi wa Idodi tuna mifereji yetu ya mpunga. Mpunga ukishavunwa, msimu wa papa potwe Mafia unaanza Oktoba. Funga mfereji usioutumia, weka akiba ya nauli, nenda ukaone maji hayo yanakoishia.